Kikombe Nilichokiweka Chini Mbele ya Koko Nabintu

Nsimire wangu,

Mama yako amekwisha kukuagiza yote. Sweta iko juu kabisa, dagaa zako za sambaza zimefungwa vizuri zisinuke kwenye nguo, namba ya mjomba wako, tonton wa Kampala, umeishika kichwani. Mimi sina la kuongeza kwenye mzigo. Tena unanijua: nikianza kuongea nakohoa, nikikohoa nakasirika, na nikikasirika wewe unaanza kutazama mlango. Ndiyo maana nimeketi mezani, giza linaingia hapa mtaani Kasha, umeme hakuna kama kawaida yake, nami naandika. Usiisome barua hii kabla ya kuvuka mto Ruzizi pale mpakani. Ukiisomea upande huu utarudi, na mimi sitaki urudi.

Watu tumewaambia unakwenda kwa tonton yako kupumzika kidogo, na kwamba masomo yako kwenye simu, kwa hiyo yatakufuata popote. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Unaondoka kwa sababu yangu. Nilifanya jambo dogo kwenye matanga ya mtoto wa Mama Ansima, jambo la kufumba na kufumbua, na tangu siku ile Koko Nabintu, bibi huyu jirani yetu, hana usalama katika mtaa huu. Wewe uliyesimama kumtetea huna pia. Mama yako anasema nisijitese, kwamba hata bila mimi wangepata sababu nyingine. Labda. Lakini sababu waliyoipata niliwapa mimi, na sipendi uisikie kwa mtu mwingine.

Nianzie kwenye ile simu yako, maana niliichukia. Mambo ya mji yalipoharibika na chuo chenu kikahamishia masomo kwenye mtandao, nilisema hayo si masomo, ni mchezo. Nimekuwa direkta wa shule ya msingi mpaka mvi zikanijaa, nimezoea chaki, ubao na watoto wanaosimama ninapoingia. Wewe ulikuwa unakaa barazani masikio yamezibwa, unacheka peke yako, na mega zinaisha kila mara mwalimu anapofika penye maana. Ndipo yule mwalimu wenu kijana, yule dada mwenye sauti ya mafua, akaleta somo lake la uzee. Alisema wauguzi wa kesho hawawezi kumtibu mtu wanayemdharau au kumwogopa. Siku ya kwanza akawaomba kila mmoja aandike kwenye grupu neno la kwanza linalomjia akisikia mtu anaitwa muzee. Ulinisomea majibu kwa sauti. Harufu. Kusahau. Pensheni. Macho mekundu. Mulozi. Halafu mulozi tena, na tena. Mlicheka, na mimi nilicheka kuliko ninyi wote.

Nacheka nini mimi, Nsimire? Miaka yangu iko kichwani kila mtu anaiona. Lakini nilicheka kama vile maneno yale yalikuwa ya watu wa kijiji kingine.

Kazi mliyopewa ilikuwa kumpata mzee asiye wa familia yenu, kuzungumza naye kila wiki na kuleta sauti yake darasani. Ulimchagua Koko Nabintu kwa uvivu tu, kwa kuwa anakaa mbele ya bomba la maji la mtaa. Ulisema, "Papa, miye nitamukamata Koko Nabintu, nyumba yake iko hapa kwa robine, hataniomba hata transport." Na ulivyorudi siku ya kwanza ulikuwa umenuna, kwa sababu alikataa kuongea. Ulimnyooshea simu bila hata kumshika mkono, naye akakuuliza, "Weye mutoto, unanisalimia miye ao unasalimia simu?" Ikabidi utoke nje, uingie upya, usalimie. Darasa zima lilisikia. Mwalimu wenu alicheka mpaka mafua yakamzidi.

Ninakumbuka jinsi jambo lile lilivyokua, mpaka ukawa unamleta Koko hapa kwetu barazani kila siku ya somo. Mwanzoni wenzako walikuwa wanamuuliza maswali ya karatasini. Baadaye wakaanza kumwambia habari zao. Yule kijana wa Uvira alimweleza kwamba baba yake hataki asome uuguzi, kwamba ni kazi ya wanawake, na Koko akamjibu, "Mwambie papa yako, siku atalala kitandani hataangalia kama ni mwanaume ao mwanamuke anamugeuza." Akawa anawajua kwa sauti. Aliyechelewa kuingia alisemwa. Msichana mmoja wa Bagira, yule aliyeandika mulozi siku ya kwanza, alipanda basi ndogo akaja hapa bila kutumwa na mtu, akakaa naye adhuhuri nzima anamchambulia maharage. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia najifanya nasoma gazeti. Nilikuwa nasikiliza, Nsimire. Nilikuwa nasubiri siku ya somo lenu kuliko wewe.

Basi nilisikia pia habari ya sukari. Ndilo jambo ambalo wewe hukujua nalijua, mpaka leo. Mmoja wenu aliuliza dawa gani Koko anatumia, naye akasimulia jinsi walivyomtoa damu hospitalini wakamwambia ana ugonjwa wa sukari, asiguse kitu kitamu. "Hata mutobe yangu mwenyewe," alisema, yale maji matamu ya ndizi. "Miye njo minaikamua, minagawia batu, miye minaangalia tu kama mutoto mwenye amefanya makosa." Mlicheka wote. Mimi nilicheka nyuma ya pazia.

Halafu ikaja ile wiki ya mvua na homa. Mtoto wa Mama Ansima aliugua jioni, asubuhi hakuwapo. Unakumbuka. Mtoto ambaye jana yake alikuwa anacheza na matope pale robine, mbele ya nyumba ya Koko. Kabla hata hatujamzika, mtu alikwishakwenda kwa yule mama mwonaji wanayemwita mjakazi wa chumba cha maombi kule bondeni. Wewe ukifika Kampala wataona ajabu ukiwaeleza, lakini sisi tunawajua hawa wanawake wanaosali kwa kufumba macho, kisha wanaonyeshwa nani ameua. Huyu alionyeshwa nyumba inayotazama maji. Hakutaja jina. Hahitaji kutaja, mtaa wetu una robine moja tu.

Mimi niliisikia habari hiyo asubuhi na nikaidharau. Hilo ni kosa langu la kwanza. Nilidhani jambo la kijinga hufa lenyewe likiachwa.

Matanga, unajua yalivyokuwa. Ua limejaa, turubai linavuja, watu wa shirika, jumuiya yetu ya sala, wamekaa mbele nami katikati yao kwa sababu mimi ndiye kiongozi wao na ndiye nilikuwa nimeongoza sala. Koko Nabintu akaingia na ndoo yake ya mutobe, kama alivyofanya kwenye kila matanga ya mtaa huu tangu kabla hujazaliwa. Akachota kikombe, akakileta kwangu wa kwanza, kwa heshima.

Hapa kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza. Hatukufundishwa shuleni, tulinyonya. Kila Mshi, kila mtu wa kabila letu, amekua akiogopa karuho, ile sumu ya kikombe, na hata ndugu kwa ndugu, hata mke kwa mume mbele za watu, mwenye kugawa hunywa funda moja ndipo akupe. Mimi mwenyewe nimekuonya mara ngapi? Koko hakuonja. Nilijua kwa nini hakuonja. Katika ua ule mzima, ukiondoa wewe uliyekuwa jikoni na wanawake, ni mimi peke yangu niliyejua.

Akaniangalia, yeye aliyekuwa akiiona miguu yangu chini ya pazia kila wiki. Akasema polepole, "Direkta, weye unajua."

Hakuniomba kitu kikubwa. Angeweza kusema mwenyewe, lakini ni mama wa zamani, haelezi ugonjwa wake mbele ya wanaume. Akaniachia mimi. Ilitosha niseme, "Ana sukari," kisha ninywe. Nikaona macho ya vijana yamenikazia. Pascal alikuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, Pascal yule yule niliyemfundisha kusoma, sasa ndiye mkubwa wa vijana wa doria. Nikakiweka kikombe chini, kwenye matope, karibu na mguu wangu. Nikasema, "Sina kiu."

Koko akainua ndoo yake akatoka. Hakuna aliyemsaidia, na ile ndoo ilikuwa imejaa.

Nimejiuliza sana kwa nini. Usidhani niliamini. Sikuamini hata kidogo, na hilo linanichoma zaidi, maana aliyeamini angalau alikuwa anaogopa kufa. Mimi niliogopa kitu kingine. Niliogopa vijana wale wasije wakaniweka upande wake. Nilitaka wanione bado niko kwao, mtu wa leo, anayejua mambo ya simu na ya chuo, si mzee mwenzake na Koko Nabintu. Mnapofundishwa ubaya wa kudharau wazee, mnadhani ni ugonjwa wa vijana. Hakuna anayemkimbia mzee kwa mbio kama mtu anayeanza kuzeeka. Mwambie mwalimu wenu aliweke hilo kwenye somo lake, na aseme limetoka kwa mtu mzima.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, kwa sababu uliingia ndani yake kwa miguu yako miwili. Siku ya mkutano wa shirika, waliposema Koko asiruhusiwe tena kuchota maji na wenzake, wewe ulisimama. Mtoto wa kike, hujaolewa, hujaulizwa. Ulisema, "Koko iko na ugonjwa ya sukari, njo maana hakuonja. Darasa yetu yote inajua. Minaweza kubasikilizisha sauti yake hapa hapa." Ukatoa simu. Na Pascal akakujibu bila kupandisha sauti, "Wacha simu yako. Direkta mwenyewe alikatala kunywa. Direkta si mujinga."

Ukageuka ukanitazama. Nilikuwa kwenye kiti cha mbele. Nsimire, nimetazamwa na wakaguzi, nimetazamwa na wanajeshi barabarani, sijawahi kutazamwa vile. Nilisema kitu cha kutuliza, kwamba tusali, kwamba tusihukumu haraka. Maneno ya kiongozi. Nilikuona unakaa chini.

Siku zilizofuata nilikwenda kwa Pascal kwa siri, nikamweleza yote: sukari, hospitali, pazia. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Halafu akasema, "Direkta, siku ile ulikuwa na kinywa. Leo unasema kwa sababu banaanza kumutaja mutoto yako." Na kweli walikuwa wameanza. Walikuwa wanasema umekula sana kwa Koko, na kwamba uchawi hupitishwa kwa chakula, mzee akiona siku zake zinakwisha humtafuta kijana wa kumwachia. Wanawake pale robine walianza kuvuta watoto wao ulipopita. Somo lililokufundisha kukaa na mzee likageuzwa ushahidi juu yako.

Hilo nimelijifunza kwa kuchelewa: neno moja, ukilisema saa yake, linabebwa na mtoto, ukilichelewesha, wanaume wazima hawaliinui. Sikuambii hivi ili uwe shujaa. Shujaa tunaye mmoja nyumbani na tayari tunamfukuza kwa basi la asubuhi. Nakuambia kwa sababu utakutana na saa kama ile, nayo haitakuja na ngoma. Itakuja katikati ya watu wenye heshima zao, utakuwa umekaa vizuri, na utaombwa kitu kidogo.

Nina jingine. Usiwachukie. Najua unamchukia Pascal, nimekusikia. Nilimfundisha mimi. Alikuwa mtoto anayegawa chapati yake. Siku hizi hana kazi, shule aliiacha njiani, amezika wadogo zake wawili na hakuna aliyemwambia waliugua nini. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakuna wa kulaumiwa, unamnyang'anya kitu cha mwisho alicho nacho. Simtetei, na nitamzuia nikiweza. Lakini nimewafundisha watoto wa Kasha kusoma maisha yangu yote, na sikuwahi hata siku moja kuwafundisha kwa nini macho ya bibi zao ni mekundu. Ni moshi. Kuni mbichi za mkaratusi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Jambo la kusemwa katika somo moja la asubuhi, na mimi sikulisema, kwa sababu na mimi utotoni nilikimbia bibi mmoja mwenye macho mekundu nikidhani ndiyo akili.

Wiki hii wamekata migomba ya Koko. Yote, usiku mmoja, na hawakuchukua hata mkungu. Mwizi angechukua. Jana mtu alichora msalaba wa makaa kwenye mlango wake. Nilikwenda ofisi ya mtaa; mkubwa wa pale aliniambia anashughulika, huku anatazama dirisha. Nilikwenda kwa padri. Yeye alikuja kweli, akasema maneno mazuri, akarudi zake parokiani kabla ya mvua. Sitaki kukudanganya. Kuna ukimya hapa mtaani ambao sijawahi kuusikia. Hata vijana wa doria hawapigi tena filimbi zao.

Uliniuliza jana, ukiwa umenipa mgongo, utamalizaje somo lako bila Koko. Sikukujibu, ukadhani sijali. Jibu nilikuwa nalitafuta, na leo mchana, ulipokuwa sokoni Nyawera na mama yako kununua begi, nimelipata. Nilikwenda nyumbani kwa Koko Nabintu. Nilimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, kama mtu anayesubiri gari. Nikamwambia aje akae kwetu, katika chumba chako. Nilimwomba msamaha. Nilidhani atalia, au atanisema. Akasema, "Direkta, ulichelewa. Kamata ule upande ya matela."

Tukalibeba godoro sisi wawili. Kuna njia ya nyuma, ile ya kupitia mashamba ya mihogo, nayo hakuna ambaye angetuona. Nilipita ya mbele. Robine ilikuwa imejaa wanawake na madumu yao; wakatugeukia wote, maji yakawa yanamwagika hakuna anayeyafunga. Nikawasalimia mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao. Wengine waliitikia. Mama Ansima, aliyefiwa, hakuitikia, lakini alisogeza dumu lake tupite. Pascal alikuwa ameketi juu ya ukuta. Akaniita, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto wa darasa la kwanza hakuniita Direkta. "Muzee," akasema, "unajua penye unaingiza miguu?"

Nikamwambia najua. Tukaendelea na godoro letu, Nsimire. Naogopa. Nakuambia wazi kwa sababu hutaniona uso.

Kwa hiyo uliporudi ukakuta mlango wa chumba chako umefungwa na mama yako anakuambia ulale naye usiku huu, si kwamba tulikuwa tumekwisha kukusahau. Koko alikuwa amelala ndani. Aliomba usimwone, alisema ukimwona hutaondoka, na anakujua vizuri kuliko nilivyodhani. Usimkasirikie. Siku ya somo, saa yenu ile ile, mimi ndiye nitakayemshikia simu. Atamtafuta yule wa Uvira, atawauliza wote kama wamekula. Mmalize kazi yenu. Mwalimu aulize tena lile swali la siku ya kwanza, nami nitakuwa pale nasikiliza, safari hii si nyuma ya pazia.

Na kama siku hiyo simu italia tu, hakuna anayepokea, usirudi. Hilo ndilo agizo langu pekee, na ni la baba, si ombi. Kusanya sauti zake zote mlizonazo, wewe na wenzako, kila mmoja abaki na nakala, na mzipeleke kwa watu wanaotaka kusikia. Usipande basi la kurudi. Usimtume mtu kuuliza. Endelea na masomo.

Nilitaka mama yako aondoke nawe. Nimemwomba, nimemwamuru, hata nimepaza sauti kidogo ukiwa nje. Unamjua. Alikuwa anachagua maharage, hakuinua hata kichwa. "Miye niende wapi?" akasema. "Koko ataamuka asubuhi, nani atamupikia kitu haina sukari?" Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akajifunga upya, na nikaona kwamba nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Sijui ni lini. Nimelala karibu na kichwa hicho miaka yote na sikuona.

Vuka salama, mwanangu. Nenda na amani ya Mungu, na yetu yote uichukue, sisi tutatafuta nyingine. Walikuwa wanamtafuta mzee mmoja. Wakija, watatukuta watatu.

Papa yako